Kumpigia Bwana Mbizi

Taribatu alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, unga wa shayiri umemtapakaa hadi kwenye nyusi, aliposikia jina lake likiitwa uani. Akashtuka. Bwana wake, Etelpisha, hakuwa na desturi ya kumwita mjakazi kwa jina. Alipiga makofi tu, na aliyekuwa karibu alikwenda.

"Taribatu," akasema Etelpisha, huku akitema kokwa ya tende. "Wewe si mtu wa kusini? Wa kule kwenye mabwawa ya matete?"

"Ndiyo, bwana. Nilizaliwa huko."

"Basi unaogelea."

"Huko hata anayetambaa anaogelea, bwana. Tusingeishi vinginevyo."

Etelpisha akamgeukia msimamizi wake, Iliturami. "Si nilikwambia?" Kisha akamwambia Taribatu, "Kanawe uso. Kesi yetu inaamuliwa leo mtoni. Utapiga mbizi kwa niaba ya nyumba hii."

Taribatu akajifuta unga usoni kwa kiganja.

Kesi ile ilijulikana katika mji mzima wa Sippar. Lilikuwepo shamba kando ya mfereji, katikati ya mitende ya Etelpisha na kibanda cha mkulima mmoja aitwaye Apili. Kila mmoja alidai ni lake. Mashahidi waliapa mbele ya nembo ya Shamashi, mungu wa jua, hawa hivi na wale vile, mpaka mahakimu wakachoka na kuipeleka kesi kwa Mto. Mto Frati ni mungu. Mwongo humzamisha, mkweli humrudisha nchi kavu. Na mwenye kesi, kama hataki kulowa, sheria ilimruhusu kumtuma mtu wa nyumbani kwake.

Lakini Taribatu alijua jambo ambalo mahakimu hawakulijua. Mafuriko yalipopungua, alikuwa ameinama mferejini akifua sufu alfajiri, akamwona Iliturami aking'oa vigingi vya mpaka na kuvipigilia upya ng'ambo ya vitunguu vya Apili. Aliinamisha kichwa juu ya sufu yake, akaendelea kufua. Leo angesimama mbele ya mungu na kuapa kwamba vigingi vile ni vya haki!

"Bwana, naogopa Mto."

"Mwenye haki haogopi."

Iliturami akajikuna shingo, akasema polepole kama mtu anayezungumzia mvua, "Kuna mfanyabiashara wa mji wa Mari bandarini. Anatafuta wasichana wa kusokota sufu. Na huyu Lamasi wako anasokota vizuri."

"Mwanangu bado mdogo, kaka!"

"Nani amesema anaondoka? Kapige mbizi, urudi. Mtoto yuko jikoni, utamkuta."

Ukingoni mwa mto watu walikuwa wamejaa kama siku ya sikukuu. Wengine walitafuna dengu za kukaanga. Mashua pana ya hekalu, iliyopakwa lami nyeusi, ilikuwa imefungwa hatua chache kutoka ngazini, na mzamaji alitakiwa kupita chini yake na kuibukia upande wa pili. Kuhani alikuwa akiimba. Karani wa mahakimu, mtu mwembamba mwenye mafua, alikuwa akikanda udongo wake wa kuandikia.

Apili alikuwa amesimama pale na mkewe, Huzalatu, aliyemshikia joho. Miguu ya Apili ilipasuka visigino kama tope la kiangazi. Alikuwa mtu wa jembe. Maji aliyoyajua ni yale ya kumfika magotini.

"Mama Lamasi," Apili akamsalimu Taribatu. "Wamekutuma wewe? Pole, dada yangu."

Hilo neno pole likamchoma Taribatu kuliko tusi.

Wakamtanguliza yeye. Kuhani akamtia donge la udongo wa shamba mkononi.

"Shamba hili ni la Etelpisha," akasema Taribatu, "na la baba yake kabla yake."

"Paza sauti," karani akamwambia, akifuta pua. "Mto unasikia, lakini na mimi natakiwa nisikie."

Akarudia, kisha akajitupa.

Maji yalikuwa baridi na mazito kwa tope. Alipofumbua macho hakuona kitu. Alingoja mkono. Alikuwa na hakika mkono utatoka chini na kumshika kifundo cha mguu. Kitu kikamgusa kwenye muundi, laini, kikajizungusha, naye akasema moyoni: haya, ndio huo. Akapiga teke. Kikakatika. Lilikuwa gugu. Giza la mashua likampita juu ya mgongo, na miguu yake, bila kumwuliza, ilikuwa ikienda kama ilivyokwenda utotoni kwenye matete. Kichwa kikatoka kwenye jua. Vigelegele vikapigwa.

Alipotambaa hadi ngazini, hakimu mkuu alikuwa akimwambia Apili, "Mzee, Mto umeshasema. Acha shamba, urudi nyumbani kwako salama."

"Mto umemsikia yeye," Apili akajibu. "Mimi bado haujanisikia."

Taribatu akamtazama Iliturami, aliyekuwa akimtazama yeye. Akamfikiria Lamasi. Apili alipompita, akamnong'oneza haraka: "Kaka, jaza pumzi kabla hujaingia. Ukiona giza la mashua usisimame, sukuma tu. Usifumbue mdomo."

Apili akatabasamu. "Dada, mimi nasema kweli. Maji yatanipisha."

Akaapa kwa sauti kubwa, akaingia akitembea, kama mtu anayeingia shambani kwake.

Watu walingoja. Dengu zikaacha kutafunwa. Mapovu yakatoka karibu na ubavu wa mashua, kisha yakakoma. Hatimaye mabaharia wa hekalu wakachukua upondo wenye ndoano.

"Mto umeona," watu wakasema, wameziba vinywa kwa viganja.

Etelpisha alikuwa akipongezwa. Rafiki yake mmoja, muuza mafuta aliyekuwa akigombea urithi na nduguye, akamwambia, "Niazime huyu mwanamke. Inaonekana Mto unampenda." Wakacheka.

Taribatu, bado anachuruzika maji, akamwendea Iliturami. "Kaka, niruhusu nirudi. Mwanangu ananingoja."

Iliturami akatazama pembeni. "Yule wa Mari hakuweza kungoja, maji yanapungua. Ameondoka na mtoto ulipokuwa chini ya maji. Usilie mbele za watu. Huko wanakula samaki, atanenepa."

Taribatu hakulia. Alikaa pale pale kwenye ngazi.

Hapo ndipo Huzalatu alipomjia, joho la mumewe likiwa begani.

"Mama Lamasi. Wewe umefika chini. Mungu amekuambia nini? Mume wangu alikuwa mwongo? Niambie tu, nijue namna ya kumzika."

Taribatu akamtazama karani, ambaye alikuwa akidonoa udongo kwa kijiti chake cha tete. Akamtazama yule muuza mafuta.

"Chini hakuna mtu," akasema. "Kuna tope na magugu. Mimi naogelea, yeye hakujua. Shamba ni lenu. Nilimwona Iliturami kwa macho yangu aking'oa vigingi."

Waliokuwa karibu wakarudi nyuma kama waliomwona mwenye ukoma. Karani akainua kichwa. Hakufoka, alionekana amechoka tu.

"Neno la mjakazi juu ya bwana wake haliandikwi," akasema. "Na anayeukana Mto ana hukumu yake." Akawaashiria walinzi kwa kijiti.

"Mama Lamasi, nyamaza," sauti moja ikasema kutoka kwenye umati. "Nyamaza, mwanamke, utakufa."

Lakini Huzalatu alikuwa amemshika mkono. "Sema tena," akamwambia.

Taribatu akasimama. Walinzi walikwishaanza kushuka ngazi. Akawageukia watu, akasema tena. Akalitaja shamba, akamtaja Apili, akavitaja vigingi, mpaka mkono wa kwanza ulipomfika begani.