Magongo Matatu ya Mbao

Lyle Hruska hakuwa na mbio. Hakuwa na mkono wa kurusha mpira mbali, wala kimo, wala baba anayejuana na mtu katika klabu yoyote. Chuo chake hakikuwa na jina. Kutoka mji wa Lincoln unaendesha gari saa tatu katikati ya mahindi ndipo ukione. Hata muda hakuwa nao. Alikuwa mwaka wa nne, na klabu za besiboli zisipomchagua Juni ile ya 1984, zisingemchagua tena.

Alichojua ni kupiga mpira. Mimi ndiye niliyetumwa na klabu kuona kama upigaji huo ungemtosha.

Jumamosi alivusha mipira miwili nje ya uzio. Kocha wa chuo, Novotny, akanijia nyuma ya wavu, anatafuna mbegu za alizeti.

"Mzee Brandvold, hiyo nayo umeiona, au nikuazime miwani?"

"Nimeiona."

"Sasa mbona umekunja uso kama umekunywa siki?"

Nilirudisha macho uwanjani. Mpira uliofuata ulimjia karibu na kifua, ukagonga gongo pale juu tu ya mikono yake, lakini ukaruka juu ya vichwa vya wachezaji wa ulinzi na kuanguka salama. Uwanja ukashangilia. Mimi niliandika huo daftarini.

Vyuoni hupiga kwa gongo la alumini, lisilovunjika na linalorusha mbali hata mpira uliogongwa vibaya. Kwenye klabu za kulipwa ni mbao tu. Ndiyo maana mimi hubeba magongo ya mbao kwenye buti ya gari, na mchezo ukiisha humwomba mpigaji anionyeshe.

Lyle alilipima moja mkononi. "Hili ulilitoa kwenye safina, mzee?"

"Piga, acha maneno."

Mrushaji akamtupia karibu na kifua, nilivyomwagiza. Gongo likapasuka. La pili likavunjika, kipande kikabaki mkononi mwake. La tatu halikuvunjika, ila mpira ulijikokota hadi miguuni pa mrushaji, mara sita, mara saba. Mikono yake ilikuwa inachelewa kidogo tu, kwa kupepesa jicho. Tangu ana miaka minane alumini ilikuwa inamsamehe, na hakuna aliyemwambia.

"Rusha nyingine," alisema. "Rusha, bwana!"

Mrushaji akanitazama mimi.

"Basi, kijana wangu," nikasema. "Inatosha."

Aliokota vipande vya magongo nyasini, kimoja kimoja, akanikabidhi.

"Nifundishe. Wewe unajua. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili hazitoshi. Labda miaka miwili."

"Si klabu wanafundisha?"

"Wanafundisha waliokwisha kuwachagua."

Alicheka kidogo. "Kiwanda cha nyama ya nguruwe wameniwekea nafasi ya kazi. Nimewaambia wasubiri Juni. Mama naye ameshatangaza kanisani kwamba umekuja. Utaandika nini?"

"Nilichokiona."

"Na ile miwili iliyovuka uzio uliiona."

"Niliiona."

"Basi anza na hiyo, mzee. Tafadhali."

Jumatatu asubuhi nilikaa posta na fomu mbele yangu. Tunapima kwa namba, ishirini hadi themanini. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Nilianza na ile miwili, kama alivyoomba. Kwenye tabia nikampa sabini, namba ambayo sikumbuki kumpa mtu. Lakini aliyeko ofisini kwa klabu, huko mashariki, hutazama mstari wa upigaji kwanza, na akiona haufai hasomi zaidi.

Nilitamani kuandika arobaini na tano. Mwaka mmoja niliwahi kumpandishia kijana namba kwa sababu nilimpenda. Walimchagua, wakamzungusha miji midogo miaka mitano, wakamrudisha kwao bila kazi wala ufundi. Hakunilaumu. Hakujua ni mimi.

Niliandika thelathini. Chini yake nikaeleza habari ya alumini, na kwamba kosa si lake, maneno mengi kuliko nafasi iliyokuwepo. Nikayapitia tena nikitafuta neno moja la kweli ambalo lingemsaidia. Sikulipata. Nikakunja fomu, nikalamba gundi, nikaibana bahasha kwa kiganja hadi ikashika, nikampa karani. Akaigonga muhuri bila kuinua macho, akaitupa kwenye gunia la barua za mashariki.