Watu Arobaini na Mmoja

1.
YAH: TATHMINI YA PROGRAMU YA TAALUMA ZA WALATINO
Programu yenye wahudhuriaji pungufu ya ishirini itafungwa mwisho wa muhula. Mtathmini atahudhuria kipindi kimoja. Atakaa nyuma, atahesabu, ataondoka. Mwalimu na mtathmini hawahesabiwi.

2.
Atakaa nyuma! Walimjua mtathmini wao, Siwema Mshangama, hawa? Mtu wa Tanga, mwaka wa kumi na mbili huu anafundisha Kiswahili kwenye chuo hicho hicho cha Marekani, jengo la jirani, na bado hajui kuingia kwenye chumba chenye watu akanyamaza. Aliingia Alhamisi saa nane mchana, akasalimia. Mkono kwa mkono, safu kwa safu, jina lako nani, nyumbani hawajambo, mpaka Profesa Ignacia Balderas, mwenye darasa, akaweka chaki chini na kungoja.

3.
Waliosalimiwa:
wanafunzi waliosajiliwa, kumi na mmoja, akiwemo binti mmoja Yesenia;
mama yake Yesenia, Remedios, mfua mashuka ya mabweni;
wapishi wawili wa bwalo, aproni hawajavua;
mzee Eusebio wa bustani;
mashangazi, wajomba, mama mmoja ananyonyesha

jumla arobaini na mmoja.

4.
"Huja kila Alhamisi," Ignacia alimwambia koridoni. "Nafundisha historia ya Walatino, watu wa Amerika ya Kilatini waliovuka mpaka kuja Marekani. Niwafungie mlango waliouvuka wenyewe?"

"Na rejesta inasemaje?"

"Kumi na mmoja."

Siwema akaiona njia hapo hapo. Fomu inasema wahudhuriaji, haikusema waliosajiliwa. Akaandika 41, akatuma, akarudi ofisini kwake anajisifu kimoyomoyo. Kaiokoa programu ya watu, bwana wee!

5.
Idadi imepokelewa. Ambatisha majina kamili na anwani za wahudhuriaji wote kabla ya saa kumi na moja jioni, Alhamisi ijayo. Wasio na majina hawatahesabiwa. Nakala itapelekwa ofisi husika.

Husika.

Husika na nini?

6.
Msomaji, usijifanye hukuelewa. Baadhi ya watu wale hawana karatasi za kuishi nchi ile. Anwani zao zikifika zisikotakiwa, ni pingu na ndege. Zisipofika, programu imekwisha, na Ignacia hana kazi, na Yesenia, aliyebakiza mwaka mmoja, hana shahada. Aliyewafikisha hapo si ofisi. Ni Siwema na kiherehere chake.

7.
Simu, asubuhi. Shangazi Mwanamvua, kutoka Tanga.

"Kwani nani alikutuma uwaandike wote?"

"Niliwaona, shangazi."

"Umewaona, haya. Kuona na kuandika ni kitu kimoja?"

"Nilidhani nawasaidia."

"Mh."

"Shangazi, nifanyeje sasa?"

"Siwema? Mwanangu, unalia?"

8.
Alhamisi. Siwema hakukaa nyuma. Alisimama mbele, akawaambia yote, akasema kosa ni lake. Asiye na karatasi asiandike. Asiye na uhakika asiandike. Hakuna atakayeulizwa kwa nini.

Mzee Eusebio akainuka wa kwanza, akatoka.

41

40

wapishi

38

yule mama, mtoto akiwa bado titini

33

27

Hakuna aliyebamiza mlango. Hakuna aliyemtukana, na Siwema alitamani sana mtu amtukane.

20

9.
Orodha ilizunguka. Waliosajiliwa, kumi na mmoja. Wenye karatasi zao, wanane, akiwemo mjomba mmoja aliyeandika anwani mara mbili ili isomeke. Ignacia akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

Kumi na tisa.

Aliyebaki kitini bila kuandika ni mmoja tu.

"Karatasi hii inakwenda wapi?" Remedios alimuuliza Siwema.

"Sijui, mama."

"Wakifunga, binti yangu atamaliza?"

"Hapa hatamaliza."

"Mama, hapana," Yesenia alisema. "Nitatafuta chuo kingine. Nitafanya kazi kwanza. Mama, nakuomba, usi—"

Remedios alikuwa ameshachukua kalamu.

"Miaka kumi na tisa nafua mashuka ya chuo hiki," alisema. "Kiti cha chuo hiki nimekikalia kwenye darasa hili tu."

Aliandika majina yake manne, polepole. Akaandika mtaa, namba ya nyumba, ghorofa. Yesenia akageukia dirishani.

10.
FOMU YA MWISHO YA MTATHMINI
Idadi ya wahudhuriaji: ______
Maoni ya mtathmini (yasizidi mstari mmoja): ______

11.
Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Mashine ya kutuma nyaraka iko mwisho wa koridoni. Siwema ana karatasi mkononi na kifutio cha wino mfukoni, amekinunua darasa lilipoisha, kwa ajili ya jina moja. Akilifuta, mama wa watu analala kwake leo na kesho, na programu inakufa. Asipolifuta, inaishi. Anamwogopa mwanamke aliyesimama pembeni yake kuliko anavyoiogopa ofisi.

"Tuma," Remedios anasema.

"Mama, nikituma hii—"

"Najua."

"Hujui. Mimi mwenyewe sijui."

"Mwalimu." Anakiona kifutio. Ananyoosha mkono, anakitoa mfukoni mwa Siwema, taratibu, anakishika yeye. "Jina ni langu. Si lako kulificha."

Siwema anaiweka karatasi kwenye mashine.

Anaitoa.

Anaiweka tena, na safari hii anabonyeza.