Mwenye Mjeledi ni Nani

Sila alikiona kibuyu kabla hajamwona mzee mwenyewe. Kilikuwa juu ya kigoda mlangoni pa tembe, kimefunikwa kwa kata, povu linachuruzika ubavuni. Pombe, na leo ana safari.

"Mbukwa, baba," alisalimia, akawasimamisha njiani maksai wake na gari walilokokota, limejaa magunia ya karanga.

"Mbukwa, mwanangu. Karibu Nzuguni. Maneno na mjomba wako tumeyamaliza jana, wasemaji wamekubaliana. Hao ndio ng'ombe wangu?"

"Ndio wenyewe, baba."

Mzee Matonya akawazunguka maksai, akawapapasa migongo. Kijivu na Mabaka, ndio mali pekee ya Sila, na ndio mahari ya Zipora, binti wa mzee. Alikuwa amebakiza safari moja tu: kufikisha karanga alizozipakia kijijini Mlali kwenye stesheni ya Dodoma kabla garimoshi la mchana halijaondoka, kisha awalete zizini kwa mkwewe, akabidhi kamba, achukue mke.

Safari yenyewe ndiyo ilikuwa na mwiba. Zamani, mwendesha gari akilewa, askari wa Mdachi walimcheka tu, wakamlaza chini ya gari lake mpaka pombe imtoke. Lakini masika yaliyopita gari moja lilipanda reli mwenyewe amesinzia, garimoshi likalipondaponda pamoja na ng'ombe. Tangu hapo mambo yakageuka. Mpiga mbiu alipita kila kijiji: mwendeshaji atakayenuka pombe kinywani, hata kama amesimama wima kama nguzo, atachapwa viboko ishirini na vitano, na ng'ombe wake watabaki bomani, hawarudi tena. Sasa askari alikaa pale njia inapokatiza reli, akinusa vinywa vya watu kama fisi anayenusa zizi.

Matonya akachutama, akapiga funda la kwanza, akamnyooshea Sila kibuyu.

"Baba, naomba nikinywe jioni nikirudi."

Mzee hakuurudisha mkono. Wanawake waliokuwa wakitwanga uani wakaisimamisha michi hewani. Kibuyu cha kwanza cha mkwe hakiahirishwi. Akikataa kibuyu, amemkataa binti, na wasemaji wote walikula bure.

"Kwani bangu, pombe ya nyumbani kwangu, ina sumu?"

"Hapana, baba. Ni amri ya bomani. Mdachi amesema..."

"Mdachi ndiye anayekuoza?"

Sila aliwatazama maksai wake, kisha akatazama mlango wa tembe. Zipora alikuwa kasimama kizani ndani, haonekani ila macho. Macho yale hayakumwambia kunywa wala kuacha. Yalingoja tu.

Akachutama, akapokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akakifudikiza kibuyu chini kama ilivyo desturi. Vigelegele vikapigwa.

"Baba," alisema alipofuta mdomo, "nimekuheshimu. Sasa nisikilize na mimi. Hawa ng'ombe ni wako. Askari akininusa nimeshika mjeledi, ng'ombe wamechukuliwa zizini mwako, si mwangu."

Hapo mzee akakuna kidevu. Alitazama huku na huku. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Ng'ombe wake wote walichungwa na Zipora tangu akiwa mdogo.

"Wewe Zipora! Njoo ushike mjeledi. Na wewe, mkwe, utatembea nyuma kama mpita njia. Mahari haijafika, kwa hiyo usiseme naye neno mpaka ng'ombe waingie zizini. Sitaki kuchekwa."

Basi wakaenda hivyo. Zipora mbele, kaniki yake imefungwa kifuani, mjeledi begani. Sila nyuma, mikono mitupu, anakula vumbi la gari lake mwenyewe. Zipora hakuambiwa kwamba Kijivu anaogopa mluzi wa garimoshi, na Sila hakuruhusiwa kumwambia. Akakohoa. Zipora hakugeuka.

Reli ikaonekana. Askari, Hasani wa Kondoa, alikuwa kivulini pa kibanda, bunduki magotini. Aliposimama tu, mluzi ukalia: garimoshi la mchana lilikuwa linakuja, linaelekea stesheni.

Kijivu akaruka. Gari likayumba, gunia moja likadondoka, magurudumu ya mbele yakapanda reli, yakakwama. Mabaka anavuta huku, Kijivu anarudi nyuma. Chini ya miguu reli ilianza kutetemeka.

Sila alikimbia hatua kadhaa, mkono umeshanyooka kuidaka hatamu. Hasani alikuwa anamtazama. Akiigusa tu, yeye ndiye mwendeshaji. Akaukunja mkono ule, akauma midomo.

"Macho!" alipiga kelele kuelekea mbinguni, kama mtu anayesema na Mungu wake. "Yafunikwe macho!"

Zipora akaivua kaniki ya juu, akabaki na shuka la ndani, akamfunika Kijivu uso mzima, akamnong'oneza sikioni kama alivyozoea kunong'ona na ndama. Kijivu akatulia. Mjeledi ukalia mara moja. Gari likavuka, likaacha reli, na garimoshi likapita likitema moshi na cheche.

Hasani akaja polepole. Akamnusa Sila kwanza.

"Lo! Wewe ni mtungi unaotembea. Gari lako hili?"

"Mimi mpita njia, afande."

"Mpita njia mwenye kelele. Mwendeshaji nani?"

"Mimi," alisema Zipora, akampumulia usoni kwa nguvu mpaka Hasani akarudi nyuma.

"Mwanamke?"

"Mbiu ilisema mwendeshaji asinuke pombe. Ilisema awe mwanamume?"

Hasani akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Pita, dada. Lakini sura yako nitaikumbuka. Kwangu mimi mwenye mjeledi wa gari hili ni wewe. Huyu mtungi nikimkuta ameushika, hata kama amekunywa maji matupu, ng'ombe ni wa boma."

Karanga ziliwahi, garimoshi lilikuwa bado linajazwa maji stesheni. Jioni Kijivu na Mabaka waliingia zizini kwa Matonya, na Sila akaikabidhi kamba. Mzee aliwatazama ng'ombe wake wazima, akafurahi, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kibuyu cha pili.

"Hiki cha kukupa mke. Na kesho utawaazima hao ng'ombe ukabebe mizigo, msilale njaa wewe na mwenzio."

Sila akamgeukia Zipora. Sasa aliruhusiwa kusema naye. Akanyoosha mkono kuuomba mjeledi.

Zipora akauhamishia bega la pili.

"Kunywa," alisema.

Sila akachutama, akapokea kwa mikono miwili.