Kamera Mpya ya Bartolomeo

Mume wangu Bartolomeo alikuwa mpiga picha pale sokoni Iringa, na nawaambia kweli, alikuwa fundi mzuri mpaka siku aliponunua kamera mpya. Sisemi kwa hasira. Haya, nasema kwa hasira, lakini ni kweli vilevile.

Kamera yake ya zamani ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Unakaa kwenye kigoda, yeye anaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, anakutazama, anatoka, anafunika lenzi, anaweka karatasi ndani, kisha anafunua kifuniko kwa mkono, anahesabu moja mbili tatu, anafunika. Kisha anaisafisha picha mlemle sandukuni na kuisuuza kwenye ndoo. Chai yako haijapoa, picha yako umeishika. Haikuwa na makuu ile kamera. Watoto wa sokoni walikuwa wakihesabu pamoja naye.

Mwaka sabini na sita akaanza kuionea aibu. Vijana walimtania, "Mzee wa sanduku, unamzika nani leo?" Basi akasikia kuwa Mbeya kuna fundi wa reli, mgeni, anarudi kwao na anauza vitu. Akapanda basi na sanduku lake. Njiani akashuka Chimala, akamwuzia jamaa mmoja wa mashine ya mpunga aliyelitamani siku nyingi, akaendelea na safari. Alirudi na kitu cha ngozi shingoni, anatembea kama katibu wa kata.

Jamani, ile kamera! Aliilaza mezani juu ya fulana za mtoto nilizokuwa nashona, maana nilikuwa na mimba ya miezi sita. "Usiguse," ndilo neno la kwanza aliloniambia. Wiki mbili nzima alikaa nayo kama bwana harusi. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, akamleta jirani yetu, mwalimu Timotheo, amsomee. Kumbe mwalimu naye alikuwa anabahatisha. "Hizi namba ni za jua. Hizi za hatua, mtu akiwa mbali hatua tano unazungusha hapa." Bartolomeo anazungusha, anachungulia kidirisha cha pembeni, anacheka peke yake. Filamu moja, picha thelathini na sita! Hakuna kitambaa, hakuna ndoo. Ikiisha unaituma Dar es Salaam, wanasafisha huko huko.

"Leokadia," akaniambia, "tulikuwa gizani."

Mama yangu alipoiona alisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sote tukacheka.

Sasa nisikilizeni. Baba yangu, mzee Yohane wa Ilula, alikuwa hajapigwa picha maisha yake yote. Kila Bartolomeo alipomsihi, alijibu kwamba hawezi kuuingiza uso wake kwenye sanduku la mkwe. Kisha akaugua kifua. Hospitali wakamtibu weee, mwisho wakatuambia tumrudishe nyumbani. Ndipo siku moja akalitazama tumbo langu akasema, "Huyu sitamwona. Mwambie mumeo aje anipige picha, yeye anione mimi."

Nililia njia nzima kutoka Ilula hadi Iringa. Duniani sikutaka kitu kingine ila hicho, mtoto wangu aujue uso wa baba yangu.

Tukaenda Jumapili baada ya misa. Tukamvika koti lake la kwendea harusi, tukamkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta. Kofia nilimvua mwenyewe, nikasema paji lionekane. Alikuwa amekonda, shingo imebaki kama mpini wa jembe, lakini macho yalikuwa yake. Watu wakajaa uani kuiona kamera ya Mbeya, na Bartolomeo akavimba kichwa. Anasogea, anarudi, anapima hatua, anamweleza kila mtu habari za namba. Nami nikaona kwenye lenzi kuna kitu cheusi cha mviringo. Nikajiuliza, hicho si kifuniko?

"Bartolomeo, hapo mbele..."

"Hebu nyamaza, mama, unamtikisa mzee! Hili siyo sanduku."

Watu wakacheka. Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nikadhani labda jicho la kamera mpya ndivyo lilivyo. Akapiga nne, baba anatabasamu zote nne.

Baba akafa wiki ya tatu. Msibani niliomba picha niiweke juu ya jeneza. Bartolomeo akasema filamu haijaisha, zimebaki tisa.

"Piga kuku!" nikamwambia. "Piga mbuzi, piga choo, imalize!"

Akasema filamu haichezewi. Loo, nilimchukia mtu yule siku ile.

Matanga yakaisha, vitu vya marehemu vikagawanywa kama ilivyo desturi. Koti na kofia vikaenda kwa baba mdogo Antoni, mdogo wake baba. Mama tukamchukua akaishi nasi mjini. Nikajifungua msichana, tukamwita Evarista. Picha ikaja mwezi uliofuata, imekuzwa, ina fremu na kioo.

Mama akaikumbatia. Macho yake yana ukungu tangu zamani, akaisogeza mpaka puani.

"Ona," akasema, "ona alivyonenepa. Maskini mume wangu, humu ndani hakuugua."

Nikaipokea. Koti la baba. Kiti chetu, ukuta wetu. Kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Na mashavu. Mashavu! Baba yangu wiki ile hakuwa na mashavu. Yule alikuwa baba mdogo Antoni, amekaa kama baba, ameweka mikono magotini kama baba.

Nikamvuta Bartolomeo nyuma ya jiko. Sikupiga kelele, kwa ajili ya mama tu. Akanieleza ameinamisha kichwa. Picha zote nyingine zilitoka vizuri, za ubatizo, za harusi, zote. Zile nne za mzee zilikuwa tupu.

"Kifuniko, Leokadia. Sikukitoa. Kwenye sanduku ukisahau unaona giza, unajua umekosea. Hii unachungulia pembeni, unamwona mzee anatabasamu, hujui kitu." Basi akaenda kwa baba mdogo, akamlilia, wakakubaliana. "Ningemwambia nini mama?"

"Ungemwambia kweli."

"Haya, nenda kamwambie wewe."

Nikachungulia ndani. Mama alikuwa ameshaitundika, anafuta kioo kwa pindo la khanga, anamsimulia marehemu habari za mjukuu wake. Sikwenda. Mpaka leo sijaenda.

Sasa ni mwaka wa tatu. Bartolomeo anaitwa kupiga picha Makambako, anaitwa Rujewa, na kifuniko hasahau tena. Watu wanamsifu, mimi namwekea chakula. Evarista akiamka husimama chini ya ile picha akaisalimia, "Kamwene, babu," na mama hufurahi siku nzima. Baba mdogo haji sana. Akija, mama humshika mkono na kumwambia, "Antoni, unazidi kufanana na marehemu," naye hutazama uji wake tu.

Hayo nayavumilia. Kinachoniuma ni hiki. Juzi Evarista aliniuliza babu alikuwa anachekaje. Nikafumba macho nimtafute baba yangu, yule aliyekonda, mwenye macho yake. Akaja baba mdogo Antoni. Nikatulia, nikamtafuta tena pale kitini, kichwa wazi, jua la Jumapili linampiga. Akaja yuleyule.