Ganda Lilipojaa

Haya alinisimulia binti wa marehemu dada yangu, mwezi uliopita, siku niliyoumwa jino, akakaa nami anipe maneno nisahau maumivu. Ni habari zake mwenyewe. Anafanya kazi katika maabara ya hospitali wanakosaidiwa wasiopata watoto, na wenzake humwita Mama Vifaranga, maana kutwa yuko na mayai na kuku hana.

Asubuhi moja aliyelala chumba cha pili, kibofu kimejaa maji kama alivyoagizwa ili picha ya tumbo ionekane vizuri, alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Sheria ya pale ni kwamba ndugu hamshughulikii ndugu. Lakini mwenzake wa zamu alikuwa amejifungua juzi (wengine wanazaa bila hata kuomba), na mkuu wa maabara akasema, umebaki wewe.

Kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kilikuwa kimoja tu. Vitatu vilishawekwa, kimoja kimoja, havikushika. Mayai ya wifi yalikwisha, daktari alilisema hilo mbele ya mumewe bila kuzungukazunguka. Kwa hiyo hiki kilichokuwa kwenye baridi ndicho mtoto, na baada yake hakuna.

Sasa, kiinitete ni kidogo kuliko punje ya chumvi, na kina ganda lake. Siku zikitimia hulipasua kikatoka, ndipo kishike kwenye mfuko wa uzazi. Kilichogandishwa, ganda lake huwa gumu, na mara nyingine kinashindwa kutoka kikafia humo. Basi wao hukisaidia, wanalitoboa ganda kwa mwanga mkali wa leza. Ila kuna wakati wake. Kikitolewa kwenye baridi huwa kimesinyaa, kimejikunja upande mmoja, na kati yake na ganda kuna nafasi. Hapo ndipo unapotoboa. Ukichelewa kinavuta maji, kinajaa ganda zima, na mwanga unakosa pa kupita ila juu ya uhai wenyewe.

Mama Vifaranga aliyajua haya kama njia ya kwake. Alikuwa akiwafundisha wengine. Akakitoa, akakiosha, akakiweka chini ya hadubini, kidole juu ya kitufe. Akakitazama. Kilikuwa cha kijivu, kimenywea, kama kitu kilichokwisha kukata roho. Akajiambia, ngoja kwanza nione kama kiko hai, nisije nikatoboa maiti. Kwa mgonjwa mwingine asingengoja. Akakirudisha kwenye kabati la joto, akakaa kwenye stuli, macho kwenye saa ya ukutani.

Alipokitoa tena kilikuwa hai. Kilikuwa hai kupita alivyoomba, kimejaa pomoni, hakuna hata upenyo wa unywele. Furaha ilimpanda, kisha akakumbuka ganda, akamwita mkuu.

Mkuu aliinama kwenye hadubini. Kisha akasema njia ni mbili. Kiwekwe na ganda lake, kikahangaike chenyewe. Au kitiwe kwenye maji ya sukari kisinyae tena, kitobolewe upesi, ila kinachosinyaa mara mbili si lazima kivimbe tena. Mgonjwa aulizwe. Hakusema nani akamwulize.

Akaenda yeye. Wifi alipomwona akaanzisha utani wao, kwamba huyo kifaranga aje haraka, la sivyo kibofu kitapasuka kabla ya ganda. Kaka mtu, ameketi pembeni na kofia ya karatasi kichwani, akacheka. Mama Vifaranga akawaeleza yote, hakuacha hata ile stuli.

Kaka akasimama. "Miaka kumi na minne unafanya kazi hii, dada. Leo ndiyo umesahau?"

"Sikusahau. Niliogopa."

Wifi aliangalia dari. "Vile vitatu mlivitoboa kwa wakati?"

"Kwa wakati."

"Na havikushika." Akamgeukia. "Angekuwa wako ungefanyaje?"

"Ningemtia kwenye sukari."

"Basi nenda. Na usinirudie na macho hayo."

Kwenye sukari kilisinyaa kama alivyotaka. Akabonyeza mara tatu, ganda likapata tundu. Wifi akaruhusiwa kwenda msalani, akaanza kunywa maji upya. Walingoja saa mbili. Kilivimba kidogo, upande mmoja tu, kama mtu anayetaka kuamka akaahirisha. Kikawekwa hivyo hivyo.

Siku ya kumi damu ikapimwa. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, Mama Vifaranga aliisoma kabla ya daktari. Hakuna kitu. Akavua koti, akamwomba daktari amwachie yeye kuipeleka habari, akaenda kwa kaka yake kwa miguu ili achelewe kufika.

Ilikuwa saa nane mchana. Walipoona ni yeye na si simu, hawakumwuliza. Kaka alijilaza kwenye kochi la sebuleni na viatu vyake, akaugeuzia ukuta uso. Wifi akaingia chumbani, akashusha pazia. Mama Vifaranga akamfuata, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema hatajua maisha yake yote kama ni kule kungoja ndiko kulikomponza mtoto.

"Hata mimi sitajua," wifi akasema. "Na iko siku nitakuchukia kwa hilo, nakwambia mapema. Leo sina nguvu. Panda ulale."

Akapanda. Wakalala mgongo kwa mgongo. Kule sebuleni pumzi za kaka zilikatikakatika, zikageuka mkoromo. Baadaye bega la wifi likalegea. Yeye akabaki macho, anasikiliza jirani akikung'uta zulia uani, anakung'uta, ananyamaza, anakung'uta, mpaka na yeye usingizi ukamchukua.