Hotuba ya Dereva

Tulikuwa tumeshavuka geti, na shemeji bado anatupigia kelele kutoka dirishani kwamba tai imepinda. Kaka hakugeuka. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, ambayo siku hizi inakubali kifungo kimoja tu, na mkononi ameshika mfuko mtupu wa kubebea zawadi.

"Zawadi yenyewe ni saa ya ukutani," akaniambia. "Naijua. Nimewanunulia wenzangu kumi na tisa waliostaafu."

"Sasa unaendea nini?"

"Naendea sentensi moja."

Kaka yangu alifanya kazi Shirika la Maji miaka thelathini na saba, chumba kilekile, meza ileile, karani wa utumishi, cheo ambacho sikuwahi kuuliza maana yake. Mimi kazi iliyonishika kuliko zote ilinishika miezi kumi na tisa, na hiyo ni kwa sababu nilivunjika mguu. Nimepakia magunia, nimepaka rangi madaraja, nimeuza vitabu ambavyo sikuvisoma. Kila nikipita kwake, kama mara moja kwa miaka mitatu, namkuta palepale. Nikimtania kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila yeye kainama mpaka kasahau alikuwa anatafuta nini, ananijibu, "Na wewe mgaagaa na upwa, umekula wali gani?" Hapo shemeji hucheka, maana wali ninaokula ni wake.

Sasa hiyo sentensi. Pale kazini kaka ndiye aliyekuwa akiandika hotuba za kuwaaga wastaafu. Ya kwanza ilikuwa ya fundi bomba, akaihangaikia wiki nzima. Bosi wa wakati huo akaipenda, akasema basi hii ndiyo itumike. Tangu siku ile kaka akawa anabadilisha jina na kazi, na akipata nafasi anachomeka kautani kamoja. Fundi bomba alikuwa nguzo ya shirika. Mlinzi, nguzo. Mhasibu aliyekuwa akilala mezani mpaka mashavu yanachapwa wino, nguzo. Kwa nguzo zote hizo jengo lile lingefika ghorofa kumi. Lina mbili, na ya juu inavuja.

Zamu yake ilipofika, alikataa kujiandikia. Wiki tatu kabla alimwendea meneja, kijana mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Mikakati kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake.

"Bosi, hotuba yangu naomba aandike mtu mwingine. Iwe fupi tu. Sentensi moja inayonihusu mimi, isiyomhusu mwingine yeyote."

"Mzee wetu, ondoa shaka. Hilo liko kwenye mikakati."

Tulipokaribia lile jengo, kaka alipunguza mwendo. "Hivi wewe, mdogo wangu, unajua nilikuwa nafanya nini humu?"

"Ulikuwa unaandika."

"Naandika nini?"

Nikajikohoza. Yeye akairekebisha tai, ikapinda upande wa pili.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki, kreti nne za soda na sahani za biskuti zilizopangwa kwa kuachana ili zionekane nyingi. Mikakati alichelewa, akaingia na simu sikioni, akafungua faili, akasoma akiwa amesimama.

"Ndugu zangu, leo tunamuaga nguzo ya shirika hili."

Kaka akafumba macho, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa na mwingine.

"Kwa miaka yote aliyokuwa nasi, amelitunza gari la shirika kama mwanawe. Hakugonga wala hakugongwa. Viongozi walilala kiti cha nyuma bila wasiwasi."

Nilimtazama kaka. Huyu mtu hajui kuendesha hata baiskeli. Ilikuwa hotuba ya dereva aliyestaafu mwaka uliotangulia. Mtu alitumwa akaichomoe kwenye faili, akabadilisha jina, akaona kazi imekwisha. Watu wakapiga makofi. Waliokaa mbele ndio waliopiga zaidi, kwa kuwa ndio hawakusikiliza kabisa.

"Nasi tunamtakia safari njema," Mikakati akamalizia, "ila asisahau kufunga mkanda." Hapo watu wakacheka. Utani ule kaka aliutunga mwenyewe kwa ajili ya dereva, na mwaka ule aliujivunia mpaka akanisomea kwenye simu.

Akaitwa kujibu. Alisimama bila karatasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Nashukuru," akasema. "Mimi siendeshi gari."

Wawili watatu wakacheka wakidhani ni unyenyekevu.

"Nina swali moja, kisha tunywe soda. Nani humu anajua mimi nilikuwa nafanya kazi gani?"

Mhasibu wa sasa akatazama dari. Mwingine akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Nilitamani nisimame mimi, ndugu yake wa damu, lakini ningesema nini? Kwamba kwake kuna wali mzuri?

"Mzee wetu," Mikakati akasema, "mchango wako ni mpana mno, haufupishiki."

"Fupisha."

Mikakati akalifungua tena lile faili, akaikuta hotuba ya dereva palepale alipoiacha.

Ndipo akasema mwanamke aliyesimama mlangoni na birika mkononi, aliyekuwa akiwapikia chai miaka mingi na kuitwa Mama Chai na wote, hata na waliomzidi umri.

"Mimi ulichokuwa unaandika sikijui. Ninachokijua, jioni wenzako wakishakimbia, ulikuwa unazunguka masjala unafunga madirisha, moja moja. Lile la nne halina komeo, basi unalibana na makaratasi uliyoyakunja. Nilikuwa nakuona nikiosha vikombe. Miaka yote hiyo, mvua haijaingia mle kupitia dirishani."

"Makaratasi yale yalikuwa hotuba za zamani," kaka akasema.

"Basi nazo zilifanya kazi."

Ukumbi mzima ukacheka, na kaka akacheka nao, cheko ambalo sikulisikia tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. "Imetosha," akasema. Akaketi, akala biskuti mbili, akaomba ya tatu.

Kabla ya kuondoka alimfuata Mikakati. "Bosi, dirisha la nne. Karatasi nne, zikunjwe mara mbili. Tatu hazitoshi."

"Mzee, tutaliingiza kwenye mikakati."

Tulipofika nje, kaka akageuka akatazama juu. Dirisha la nne lilikuwa wazi, linapigapiga. Nikamuuliza kama hataki kupanda akalifunge mara ya mwisho.

"Nimestaafu," akasema. Lakini alitazama na wingu pia.

Mvua ilinyesha wiki ya pili, siku tatu mfululizo. Shirika la Maji likaingiwa na maji. Mafaili yote yaliyokuwa chini ya dirisha la nne yakawa uji, na la Mikakati lilikuwemo. Alipotakiwa kupandishwa cheo, makao makuu yaliomba faili lake, akalipeleka ndani ya ndoo. Cheo alipewa mwingine, na Mikakati yuko palepale mpaka leo. Iliundwa kamati ya madirisha. Imekutana mara sita, na kumbukumbu za vikao zilihifadhiwa masjala. Mama Chai alistaafu mwaka uliofuata. Kaka aliombwa aje amwandikie hotuba, akaandika mstari mmoja: chai yake ilikuwa ya moto, na alikuwa anaona. Dereva yu hai, na hajui kwamba ameagwa mara mbili. Saa ya ukutani iko sebuleni, ilisimama mwezi wa pili, na shemeji anasema nayo imestaafu. Kaka hufunga madirisha ya nyumba kila jioni, shemeji huyafungua kwa sababu ya joto, naye huamka akayafunga tena. Mimi niliondoka Jumatatu iliyofuata sherehe ile, nikapata kazi ya kupaka rangi uzio wa shule. Ilidumu wiki tano.