Kitufe cha Kaka

Mimi sina wivu. Nasema mapema ili tusisumbuane. Katika ukoo wetu wivu uligawiwa kwa ndoo, ila siku ya kugawa mimi sikuwepo nyumbani.

Kwa hiyo kaka yangu aliporudi na udaktari wa uchumi, nilifurahi kuliko wote. Nilifurahi mama alipompa kiti chenye mgongo mzima, mimi nikabaki na kile kinachobana suruali. Nilifurahi majirani walipokuja kumwuliza kwa nini maisha yanapanda na mishahara imelala, wakatikisa vichwa kwa kila alichosema, kana kwamba si mimi niliyekuwa nawaeleza hayo hayo bure miaka yote. Nilifurahi hata yule binti fundi cherehani, ambaye nimempelekea suruali zangu azipunguze mpaka zimekaribia kuwa kaptula, aliponiuliza, "Hivi kaka yako ameoa?"

"Ana watoto saba," nikamwambia.

Hana hata paka.

Lakini nimezoea. Sare yangu ya shule ilikuwa yake. Mama alilishona jina lake ndani ya kola kwa uzi mwekundu, na walimu wakawa wananiita hivyo, mpaka walipoona alama zangu. Hapo waliacha wenyewe.

Mtaani wananiita Redio, kwa ajili ya mdomo na kwa ajili ya kazi: nakodisha mitambo ya sauti. Spika mbili, mikrofoni tatu, na mixa, ile mashine yenye vitufe vya kuteleza, ukisukuma juu mtu anasikika, ukishusha anapotea. Chini ya kila kitufe nabandika utepe wa karatasi na kuandika ni cha nani, maana katikati ya shughuli akili huhama.

Jumamosi ile mchana nilifunga mitambo ukumbini kwa ajili ya mkutano wa mtaa. Hoja ilikuwa ada ya kuzoa taka. Mwenyekiti alitaka watu waamue kwa kunyoosha mikono: kila nyumba ilipe sawa, au ilipe kufuatana na ukubwa wa kiwanja? Wa kutetea "sawa" alikuwa Mzee Saruji, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ambaye nyumba yake ina milango mingi kiasi kwamba mgeni akishaaga anapotea. Wa upande wa pili alikuwa kaka. Nyumbani kwetu ni vyumba viwili, na kimoja analala bibi. Hapo hata mbuzi angejua ashabikie nani.

Bibi naye alikuja. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo kila nikiwa na kazi anakaa ubavuni mwa spika na kuiwekea kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. "Nasikia kwa mkono," husema, na hakuna anayembishia, kwa sababu ukibishana na bibi inabidi upige kelele mpaka na wasiohusika wajue ugomvi wenu.

Kaka akashika mikrofoni.

"Ndugu zangu, mpe baba gunia abebe, mpe na mtoto wake gunia. Umewapa sawa. Je, umewatendea sawa?"

Ukumbi ukacheka, na mimi karibu nicheke. Ndipo nikamwona fundi cherehani, mstari wa nne, na gauni jipya. Gauni jipya kwenye mkutano wa taka! Ameegemeza kidevu kiganjani, anamsikiliza baba wa watoto saba.

Kidole changu kikateleza. Ningependa kusema ni jasho. Kitufe cha kaka kikashuka kidogo, kisha kidogo tena.

"Mwenye maduka na mbeba mizigo wakinunua sabuni ile ile, kodi ni ile ile. Kwa mmoja ni tone, kwa mwenzake ni ndoo nzima." Hayo niliyasikia mimi niliyevaa hedifoni. Ukumbi ulipata "maduka", "sabuni" na "ndoo".

"Amekuja kutangaza biashara?" mzee mmoja akauliza.

"Hatusikii!"

"Redio, mdogo wangu, kuna nini?"

"Waya, kaka! Waya hizi!" Nikaingia chini ya meza, nikaupapasa waya uliokuwa mzima wa afya kunishinda mimi.

Ikafika zamu ya Mzee Saruji. Yeye nilimpa sauti yote, nikamwongezea na mwangwi, akawa kama anahutubia kutoka mlimani.

"Jamani, mimi sikuiba! Nilianza na toroli. Lori la taka likija linasimama kwangu mara moja, na kwenu mara moja. Sasa kwa nini nilipe mara tano? Kwa sababu nilifanya kazi? Huu si uchumi. Huu ni wivu uliovaa miwani!"

Makofi. Na mimi nilipiga, kisha nikakumbuka nakaa wapi.

Kaka alijaribu tena mikrofoni yake. Kimya. Nikasubiri akae, walau mara moja maishani nimwone akikaa bila kushangiliwa. Badala yake aliiweka mikrofoni kitini, akashuka jukwaani, akaingia katikati ya watu. Viti vikaanza kuburutwa kumzunguka. Fundi cherehani aliburuta chake mpaka mbele kabisa.

"Mzee wangu, kweli hukuiba. Toroli lako tunalikumbuka, lilikuwa na gurudumu linalolia." Mzee Saruji mwenyewe akacheka. "Ila lilipita barabara ya watu wote, na walioijenga barabara ile wengine bado wanabeba mizigo kichwani. Sisemi ushuke. Nasema mzigo ulingane na mabega. Ajuza wa vyumba viwili akishindwa ada, taka zake zitabaki pale pale, na nzi hawaulizi kiwanja ni cha nani. Watakuja na kwako."

"Na wivu?" mtu akachokoza.

"Wivu ni kutaka na wewe upate. Kutaka mwenzako akose, hata kama wewe huambulii kitu, hicho ni kijicho. Humu ndani sijakiona."

Nilikuwa bado nimeshika kitufe chake.

Mikono ikanyooshwa, ikawa msitu. Ada itafuata kiwanja. Hata mimi nilinyoosha, ule wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefunika mixa.

Watu walipoanza kutoka, kaka akaja kunisaidia kukunja waya. Nyuma yake, fundi cherehani.

"Hongera, daktari. Na watoto hawajambo?"

"Watoto gani?"

"Wale saba."

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama waya.

"Mitambo imechoka, kaka," nikawahi. "Leo imenitesa kweli."

"Nimekuona ulivyohangaika, mdogo wangu. Pole. Nikianza kazi, kitu cha kwanza nitakununulia mingine." Akanipiga begani. Afadhali angenitukana.

"Haijachoka!"

Ilikuwa bibi, bado kitini, kiganja juu ya spika. Sauti yake haijui kunong'ona. Waliofika mlangoni wakageuka.

"Spika hii nzima! Mjukuu wangu akifungua mdomo, inakufa. Saruji akiongea, inanitetemesha mpaka kiwiko! Nikasema labda waya. Nikageuka nikuangalie, wewe Redio, ukiwa kwenye hiyo mashine yako. Ule mkono ulikuwa unashusha nini?"

Kaka aliacha kukunja. Akaja upande wangu wa meza, akaninyanyua taratibu kiganja nilichokuwa nimekirudisha juu ya mixa. Vitufe vyote vilikuwa juu, isipokuwa kimoja kilichokuwa chini kabisa, na chini yake utepe wenye mwandiko wangu mwenyewe: KAKA.